Mnara ulitangulia majina: uchambuzi wa kisa cha kata moja ya mpakani

Kisa hiki ni cha kata moja iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, katika eneo lililotekwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda mwishoni mwa Oktoba 1978. Nilikuwa katibu wa kamati iliyosimamia ujenzi wa mnara wa kuwakumbuka watu wa kata waliokufa katika vita vile, kwa hiyo makosa ninayoyaeleza hapa mengi yana mkono wangu, na baadhi yaliandikwa kwa kalamu yangu mwenyewe. Nimeondoa jina la kata, majina ya watu, mwaka, na mambo mengine madogo ambayo yangemfanya mtu atambulike. Naandika kwa sababu kata nyingi zina wazee wa vita na familia zisizo na kaburi la kulilia, na najua ziko kamati zinazokaa vikao kupanga jambo kama letu.

Hali ilivyokuwa

Kwetu vita vile bado vinaitwa vita vya Nduli, jina tulilompa Amin. Tarehe 1 Novemba 1978 Amin alitangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini mwa mto, kilomita za mraba zipatazo 1,800, sasa ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliowahi kuvuka walivuka, waliochelewa wakakutwa kwenye migomba. Raia waliuawa, wengine wakachukuliwa, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kusema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo.

Lakini uwezo ule ulitoka wapi? Jeshi la wakati huo lilikuwa dogo. Lilipanuliwa haraka kwa kuchukua polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na, zaidi ya wote, wanamgambo wa vijijini. Katika kata yetu, kijana aliyekuwa anavuna kahawa mwezi wa saba alikuwa ameshika bunduki mwezi wa kumi na mbili. Januari 1979 walikuwa Mutukula, mwezi wa pili Masaka, wa tatu Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Waganda waliwaita Bakombozi. Waliokufa wengi walirudishwa na kuzikwa kwenye makaburi ya jeshi ya Kaboya, wilayani Muleba, ambako leo wamelala mamia.

Asiye mtu wa Kagera ajue jambo hili pia, maana bila kulijua hataelewa yaliyofuata. Kwetu mtu huzikwa kibanjani, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba aliyoilima. Kaburi ni sehemu ya nyumba. Unapoonyeshwa kibanja cha mtu, unaonyeshwa na waliolala humo: huyu babu, huyu shangazi. Familia iliyopeleka kijana vitani na kuletewa taarifa tu, tena nyingine kwa mdomo, ilibaki haina la kufanya. Hakuna maiti, kwa hiyo hakuna kaburi, na nyumba nyingine hata matanga hazikukaa, kwa sababu kukaa matanga ni kukubali. Hali hiyo iliendelea miaka zaidi ya arobaini.

Chanzo

Mzee mmoja wa kata yetu alifariki. Kwenye mazishi wasifu wake ulisomwa kama kawaida: alizaliwa lini, alisoma mpaka darasa gani, alioa, ameacha watoto sita na wajukuu kadhaa, alikuwa mkulima wa kahawa na mwanachama wa chama cha msingi. Tukazika, tukala, tukatawanyika.

Wiki moja baadaye binti yake alikuja shuleni kumtafuta mwalimu mkuu, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wetu. Alishika kopo la majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na medali iliyofungwa kwenye kipande cha shuka, utepe wake umeliwa na mende upande mmoja, na picha ndogo ya wanaume wanne wamekaa juu ya lori, mmoja wao baba yake. Akauliza, "Mwalimu, hii ni nini?"

Binti huyo ana miaka arobaini na zaidi. Alizaliwa baba yake akiwa amesharudi, akakaa naye maisha yote, na hakujua kuwa alifika Kampala. Mzee hakuwahi kusema, nasi kata nzima hatukuwahi kumuuliza. Ule wasifu tuliousoma kaburini uliandikwa na kijana wa ukoo aliyejaza tu yale aliyoyajua.

Mwalimu mkuu alilala na jambo lile siku mbili, kisha akaenda kwa mtendaji wa kata. Ilikuwa Februari. Wakakubaliana kwamba ifikapo 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kata iwe na mnara wake.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Kamati iliundwa kwa haraka: mtendaji, walimu wawili, katekista, imamu, mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, diwani, mimi, na mzee mmoja mpiganaji aliyestaafu akiwa koplo. Tulikuwa tisa. Mzee koplo tulimwita "mjumbe wa heshima". Mwanamke hakuwepo hata mmoja. Wakati ule hakuna aliyeliona hilo kuwa ni tatizo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mnara, na ulipita bila mjadala. Sababu zake zilikuwa za kueleweka. Mfanyabiashara alitoa saruji na nondo siku ileile, na aliyetoa saruji anataka kuona kitu kimesimama. Diwani naye alisema michango haichangwi kwa jambo lisiloonekana, na kwa jinsi ninavyowafahamu watu wetu hakukosea. Mwezi wa tatu msingi ulichimbwa kwenye njia panda karibu na ofisi ya kata.

Orodha ya majina ndiyo niliyopewa mimi. Tulitangaza kanisani na msikitini, tukabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, tukawaambia wenye ndugu waliokufa vitani waje ofisini Jumatano na Ijumaa. Ili kuzuia udanganyifu, tuliweka sharti: aje na namba ya jeshi ya marehemu, au barua yoyote ya serikali. Sharti hilo nililiandika mimi.

Wiki ya kwanza yalikuja majina sita. Ya pili, matano. Wote walikuwa askari walioajiriwa kabla ya vita, wenye familia zilizohifadhi karatasi.

Ijumaa ya wiki ya tatu alikuja mama mmoja wa miaka themanini na ushei, ameshikwa mkono na mjukuu. Mwanawe alichukuliwa kama mgambo Novemba 1978 na hakurudi. Nikamuuliza namba ya jeshi. Hakuwa nayo. Nikamuuliza barua. Hakuwa nayo. Nikamweleza kwa upole, nikidhani upole unatosha, kwamba tutaliandika jina pembeni mpaka upatikane uthibitisho. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, walipokuja kumchukua hawakuniomba karatasi." Akanyanyuka, akaondoka. Kutoka kwake mpaka ofisini ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mjukuu. Kwa miguu yake sijui ulikuwa wa saa ngapi.

Nililipeleka kwenye kikao. Mzee koplo, ambaye kwa miezi miwili hakuwa amesema zaidi ya salamu, aliomba nafasi. Alisema mgambo wengi walipelekwa mbele wakiwa na wiki chache za mafunzo, namba zao ziliandikwa kwenye madaftari ya vikosi na si kwenye vyeti vya kupeleka nyumbani, na kama tunataka kujua nani alikufa, tusiwaulize akina mama karatasi, tuwaulize waliokuwa naye. "Sisi tupo," alisema. "Hamjatuuliza."

Ndipo tulipobadili utaratibu. Sharti la namba likafutwa. Jina likakubaliwa kwa ushahidi wa watu wawili: mpiganaji aliyekuwa naye au aliyemwona akiondoka, na jirani asiye wa ukoo. Wazee watano wa vita waliwekwa kwenye kikundi cha kuhakiki, pamoja na wajane wawili. Nilikwenda kwa yule mama nyumbani, nikamwomba radhi, nikaliandika jina la mwanawe mbele yake na kumsomea. Orodha ikapanda kutoka majina 11 hadi 27.

Hapo tukagonga mwamba mwingine. Familia za raia waliouawa kibanjani wakati wa uvamizi nazo zikaja. Kuna nyumba iliyopoteza baba na watoto wawili siku moja. Baadhi ya wazee wa vita walikataa: mnara ni wa waliobeba silaha, walisema, nao wana desturi yao. Imamu na katekista walikuwa upande wa raia. Vikao viwili viliisha kwa watu kutoagana. Suluhu ilitoka kwa mmoja wa wale wajane: mnara una pande nne, kwa nini tuandike upande mmoja? Ikaamuliwa upande unaotazama barabara uwe wa wapiganaji, na upande unaotazama mto uwe wa raia. Wazee walikubali kwa sharti moja, kwamba raia wasiitwe mashujaa bali waandikwe kama walivyokuwa: watu wa kata hii waliouawa majumbani mwao. Nilipoisoma sentensi hiyo ikiwa imeshachongwa, niliona ina uzito kuliko tulichokuwa tumekiandika upande wa mbele.

Kulikuwa pia na suala la mpangilio. Diwani alipendekeza majina yafuate vyeo. Wazee wa vita wenyewe walikataa, wakataka alfabeti. Hili lilichukua dakika tano tu.

Wakati haya yakiendelea, bamba la marumaru lilikuwa limeshaagizwa mjini. Fundi alisema anahitaji wiki sita, tukatanguliza fedha na kumpa majina yaliyokuwa tayari, tukiahidi kumwongezea mengine. Bamba lilifika mwanzoni mwa Julai likiwa na makosa mawili.

La kwanza lilikuwa la herufi. Jina la Kihaya lilikuwa limeandikwa kwa L mahali pa R, kama karani wa jeshi alivyoliandika kwenye barua ya 1979. Familia ilikuwa imelikubali kwenye barua, lakini kwenye jiwe haikulikubali.

La pili lilikuwa zito. Jioni moja, siku kama kumi kabla ya sherehe, mzee mmoja wa kikundi cha uhakiki alinivuta pembeni nyuma ya ofisi. Aliniambia kuwa mmoja wa wale 11 wa mwanzo hakufa vitani. Baada ya Kampala alibaki Uganda, akaoa huko, na wenzake waliwahi kumwona miaka ya themanini. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kuwa jina hilo liliingia kabla ya wao kuulizwa, na kwamba mama yake yule bwana alikufa akiamini mwanawe ni shujaa. Nani angetaka kuwa wa kwanza kumvua?

Tulikaa usiku, watu wanne tu. Njia zilikuwa tatu. Kuliacha jina, tukijua ni uongo juu ya jiwe. Kulifuta kwa patasi, kovu libaki na kila apitaye aulize ni la nani. Au kuchonga bamba jipya. Tulichagua la tatu, tukaenda kwa familia kabla ya kufanya lolote. Mdogo wake alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema tu kwamba walikuwa wamesikia. Aliomba bamba la zamani livunjwe mbele yake. Tukalivunja. Mfanyabiashara aliyelilipia alikasirika na hakuja kwenye kikao kilichofuata. Fedha za bamba la pili zilitoka kwenye fungu tulilokuwa tumeliweka kwa ajili ya chakula na usafiri wa wazee siku ya sherehe. Athari ya uamuzi huo ilionekana siku yenyewe.

Siku ya 25 Julai

Ratiba tuliinakili kutoka sherehe za kitaifa: kuweka mnarani mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, shada la maua, dua za dini zote, dakika ya kimya. Shoka aliliweka mzee koplo, na hakuna aliyepinga.

Mgeni rasmi alichelewa zaidi ya saa mbili. Wazee wa vita tuliwapanga kwa gwaride fupi, nao kwa nidhamu yao hawakuketi, wakasimama juani. Turubai moja tuliyoipata ilikuwa ya wageni. Wawili waliishiwa nguvu wakashikwa na vijana wa skauti. Wengine walikuwa wametembea kwa miguu tangu alfajiri, kwa kuwa fungu la usafiri halikuwepo tena. Nakumbuka mmoja amevaa koti zito la kijeshi la zamani, jasho linamtiririka, na alipoambiwa alivue akasema atalivua wakishasomwa wenzake.

Kisha majina yakasomwa. Kwenye ratiba tulikuwa tumelitengea jambo hili dakika tano. Lilipofika jina la saba au la nane, kilio kilianza upande wa akina mama. Mmoja kwanza, halafu wengi, kile kilio cha msibani chenyewe, cha kuita jina na kushika kichwa. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti awatulize ili ratiba iendelee. Imamu akamshika mkono, akamtikisia kichwa. Tukasubiri. Mgeni rasmi naye alikaa, hilo namshukuru. Ilichukua karibu nusu saa. Watu walikuwa wanalia msiba wa 1979, na ilikuwa mara yao ya kwanza kuulia hadharani, pamoja.

Baada ya sherehe

Yule mama wa mgambo alikuwa wa mwisho kuondoka. Alisogea kwenye mnara, akamwomba mjukuu amwonyeshe mstari, akaupitishia kidole kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akaurudia. Hajui kusoma. Akanigeukia: "Jina nimeliona, mwanangu. Sasa yeye mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia Kaboya. Akauliza Kaboya ni wapi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba miezi mitano tulikuwa tumechimba, tumekoroga zege na tumechonga marumaru mara mbili, na hatukuwahi kuiuliza familia hata moja inataka nini. Tulipopita nyumba kwa nyumba Agosti kuuliza, karibu wote walitoa jibu moja: kwenda kuona kaburi. Wengi hawakujua kuwa inawezekana. Waliojua waliogopa, kwa kuwa ni eneo la jeshi.

Tukaandika barua ya kuomba ruhusa, ikakubaliwa, na Septemba tukakodi basi dogo kwa michango midogomidogo. Tulikwenda watu 26. Tulipokelewa kwa heshima. Baadhi ya familia zilipata jina walilolitafuta, nyingine hazikupata, na hizo ziliambiwa ukweli bila kuzungushwa. Wasiopata walichagua mahali pa kusimama, wakasema waliyokuja kusema.

Mama yule alipata. Alikuwa amebeba udongo wa kibanjani kwake kwenye mfuko wa nailoni, hakuna aliyemwagiza. Akaumwaga kichwani pa kaburi, akachota wa pale, akaufunga kwenye pindo la kanga. Nilihudhuria alipoufukia nyuma ya nyumba yake, chini ya mgomba, kando ya kaburi la mumewe. Majirani walikuja na ndizi na maharage, wakakaa siku tatu.

Uamuzi uliotusaidia

Kubadili ushahidi kutoka karatasi kwenda kwa watu ndio uamuzi ulioiokoa kazi yote, na nataka kukaa hapa kidogo, maana kosa tulilotaka kulifanya ni la zamani kuliko sisi.

Pale katikati ya Dar es Salaam pamesimama sanamu ya askari, iliyozinduliwa 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Jina la mtu hakuna hata moja. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kwa makumi ya maelfu katika vita vile, na kumbukumbu kubwa waliyoachiwa mjini ni jina la Kariakoo, lililotokana na Kikosi cha Wachukuzi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Mwaka 2021 Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita hivyo, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wakubwa wa wakati ule walijiridhisha kwamba mpagazi si askari, na kwamba Mwafrika hatajali jiwe lenye jina.

Mimi, mjukuu wa wapagazi hao, nilimwambia mama wa mgambo kwamba bila namba ya jeshi jina la mwanawe litakaa pembeni. Sikuwa na dharau moyoni, nilikuwa na fomu tu. Lakini matokeo yangekuwa yaleyale: mwenye cheo anaandikwa, aliyebeba mzigo anasahaulika.

Kuwapa raia upande wao nako kulifaa, ingawa kulitugharimu vikao. Ule mgawanyo wa pande mbili uliwaruhusu wazee wa vita kulinda heshima ya kazi yao bila kuwafukuza majirani zao. Nadhani ulifaa kwa sababu ulitoka kwa mtu ambaye hakuwa na cha kushinda kwenye ubishi ule.

Na kusubiri kilio kiishe. Imamu hakushauriana na mtu. Angesita kidogo tu, tungekuwa na sherehe iliyokwenda kwa wakati na msiba uliokatizwa mara ya pili.

Tulipokosea

Mpangilio wa kazi ulikuwa kichwa chini. Tulianza na saruji, tukafuata majina, tukamalizia na familia. Ilipaswa kuwa kinyume. Hasara ya bamba la kwanza, jina la yule aliyebaki Uganda, herufi iliyokosewa, vyote ni watoto wa mama mmoja: tarehe ya sherehe ilikuwa imeamuliwa kabla hatujajua kazi ina ukubwa gani. Kama ningeanza tena, ningetumia mwaka mzima wa kwanza kukusanya na kuhakiki majina, na 25 Julai ya mwaka huo ningeyasoma tu hadharani kutoka kwenye daftari, ili kama kuna kosa lisikike likiwa bado kwenye karatasi.

Kumwita mzee koplo mjumbe wa heshima kulikuwa ni njia ya kumweka kando. Alikuwa na majibu ya maswali yetu yote tangu kikao cha kwanza. Wajane nao vilevile.

Suala la fungu la usafiri na chakula sina la kulitetea. Tulipokosa fedha tulikata kwa wasiolalamika. Watu waliofika Kampala kwa miguu tuliwaacha waje kwa miguu kwenye sherehe yao wenyewe, na tukawasimamisha juani huku kivuli kikiwa cha wageni. Kuahirisha kungekuwa aibu ndogo zaidi. Mwaka uliofuata tuligeuza: wazee wa vita waliketi chini ya turubai, gwaride likafanywa na skauti, na shughuli ilianza saa tatu kamili, mgeni awepo asiwepo.

Na yule bwana aliyebaki Uganda. Nafsi yangu bado haijatulia kuhusu yeye. Kuondoa jina kulikuwa sahihi, lakini alipigana, Mutukula mpaka Kampala, na wenzake wanakiri hivyo. Jina lake sasa liko kwenye daftari la waliopigana, si kwenye jiwe la waliokufa. Mdogo wake aliniuliza kama hilo linatosha. Nilimwambia sijui.

Hali ilivyo sasa

Daftari lina sehemu tatu: waliokufa vitani, raia waliouawa, na wapiganaji waliorudi, wawe askari au mgambo. Nakala moja iko ofisi ya kata, moja shuleni, moja kanisani na moja msikitini. Mpiganaji akifariki, katibu anapeleka ukurasa wake kwa familia kabla wasifu haujaandikwa, na wenzake waliobaki wanasimama kaburini. Binti wa lile kopo la chai ndiye anayelitunza daftari la kata, na wasifu wa baba yake ulisomwa upya, kamili, siku tulipokwenda kuweka jiwe kwenye kaburi lake.

Safari ya Kaboya imefanyika mara tatu. Wanafunzi wa darasa la sita hufyeka na kuosha mnara kila mwezi wa saba, kila mmoja akipewa jina moja la kwenda kuuliza nyumbani: alikuwa nani, aliishi wapi, nani anamkumbuka. Kutokana na maswali hayo majina matatu mapya yamepatikana, mawili ya mgambo na moja la raia, mwanamke aliyeuawa akirudi kuchukua mbuzi. Kwenye bamba la pili tulikuwa tumeacha mistari sita mitupu upande wa barabara na sita upande wa mto. Fundi alikuja Juni na patasi zake, akakaa siku moja. Upande wa barabara imebaki mistari minne, upande wa mto mitano.